Nyigu asiye na mwiba: mwongozo kamili wa kuwatafuta na kuwatambua nondo wanaojifanya nyigu

Nilikuwa shambani kwa mama huko Muheza, saa tatu asubuhi hivi, nimeinama nachuma matembele, mkono ushafika kwenye jani ndo naona nyigu katulia juu yake, mweusi, tumbo lina pete za njano, mabawa yanapitisha mwanga hadi unaona jani lililo chini yake. Nikarudisha mkono haraka. Ila yule nyigu hakuondoka, na kilichonifanya niiname tena ni mkia wake, ulikuwa na kishungi cha manyoya kama brashi ndogo ya kupakia rangi, na nyigu ninaowajua mimi tangu utotoni, wale wanaojenga kwenye kenchi za paa, hawana brashi mkiani. Nikamwangalia kama dakika mbili hivi, kisha akachomoka kwa kasi hata sikuona kaelekea wapi. Alikuwa nondo.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwatafuta kila nikipata asubuhi yenye jua, na nimejifunza mambo mengi kwa kukosea, kwa hiyo naweka hapa kila kitu ninachokijua ili anayetaka kuanza asipoteze muda kama mimi. Jambo kubwa kuliko yote ni hili: huyu nondo humpati kwa kutafuta nondo. Unampata kwa kumwangalia nyigu mara ya pili.

KWANZA UJUE UNATAFUTA NINI

Watu wengi wakisikia nondo wanafikiria yule wa kahawia anayezunguka taa usiku. Hawa ninaowasema wanaruka mchana, juani, na wanakula kwenye maua pamoja na nyigu wenyewe. Hawana mwiba, hawana sumu ya kudunga, hawawezi kukufanya chochote, ila ndege aliyewahi kudungwa na nyigu akiona ile njano na nyeusi anapita. Mwingereza Henry Walter Bates alikaa Amazon kuanzia 1848 hadi 1859 akikusanya wadudu, na mwaka 1862 akaandika maelezo ya jinsi mnyama asiye na silaha anavyopata ulinzi kwa kufanana na mwenye silaha, na mpaka leo wanasayansi wanauita mwigo wa aina hiyo kwa jina lake.

Kwetu Afrika Mashariki utakutana na makundi matatu. La kwanza ndilo hasa la mwongozo huu, jamii ya Sesiidae, mi nawaita nondo wa mabawa ya kioo. Duniani wameshapewa majina spishi zaidi ya 1,300, ni wembamba, wana kasi, na kuwaona ni kazi kweli kweli. La pili ni nondo wa kundi la Syntomini, kina Euchromia na Amata, hawa ni wazito kidogo, wanaruka polepole, wana madirisha meupe au ya njano kwenye mabawa meusi, na hawafichiki. La tatu ni Cephonodes hylas, nondo mnene wa kijani mwenye mabawa ya kioo anayeelea mbele ya ua bila kutua, viwavi wake wanakula majani ya mbuni na gadenia, na huyu anafanana zaidi na nyuki bambi kuliko nyigu. Ukianza na makundi mawili ya mwisho jicho linazoea, ndo unakuja kumuweza wa kwanza.

ANZA NA MMEA, USIANZE NA MDUDU

Hapa ndo siri ilipo na hapa nitakaa kidogo. Nondo wa kioo akiwa mkubwa anaishi siku chache tu, lakini kiwavi wake anakaa ndani ya shina, mzizi au gogo kwa muda mrefu zaidi, na kule ndani anaacha dalili ambazo hata kama yeye hayupo unaziona. Kwa hiyo tafuta nyumba, mwenye nyumba atakuja.

Mmea rahisi kabisa kwa mtu wa huku ni kiazi kitamu. Kuna nondo anaitwa Synanthedon dasysceles, yuko Kenya, Uganda na Tanzania, na ana mwenzake anaitwa Synanthedon leptosceles. Jike anataga mayai ya rangi ya manjano kwenye marando na vikonyo vya majani, kati ya 70 na 100, viwavi wakianguliwa wanatoboa kuingia ndani ya shina na wengine wanashuka mpaka kwenye kiazi. Wewe nenda shambani, fukua kidogo pale rando linapoingia ardhini. Shina likiwa limevimba kama limepandishwa upepo, lina nyufa, na kwenye nyufa kuna unga wa kahawia kama vumbi la msumeno, hapo pana mtu.

Sasa angalizo, maana hapa wengi tunadanganyika. Fukusi wa viazi, yule mende mdogo, naye anavimbisha shina pale pale. Pasua shina moja uone funza wake: wa fukusi hana miguu kabisa, mweupe, mfupi, hafiki sentimita moja. Kiwavi wa nondo ana miguu, anatembea ukimweka kiganjani, na akikua anafika kama sentimita 2.5. Ukishaona miguu basi umeshampata.

Na kuna dalili moja naipenda kuliko zote. Pupa wa nondo hawa, yaani kiwavi akishajifunga ili ageuke nondo, ana safu za vijimiba mgongoni kwenye pingili za tumbo, akikaribia kutoka anajisukuma kwa vile vijimiba mpaka nusu ya mwili inatokeza nje ya shina, hapo ndo ngozi inapasuka na nondo anatoka, na ile ngozi tupu inabaki imechomoza. Mara ya kwanza kuiona nilidhani ni kipande cha ganda la mpunga kimekwama kwenye rando. Ni nyepesi, kahawia ya chai, inang'aa, na ukiishika kwa ncha za vidole ukaigeuza juani unaona zile safu za vijimiba moja moja. Ukikuta ngozi hiyo imelowa umande na haijavunjika, angalia majani yote ya karibu sasa hivi, maana mwenyewe anaweza kuwa hapo hapo anakausha mabawa.

Mimea mingine ya kupekua ni mitambaazi ya jamii ya maboga, hasa ile ya porini inayopanda kwenye uzio na kuzaa vitunda vyekundu kama vitango vidogo, Coccinia grandis. Ndani ya mashina yake anaishi Melittia oedipus, na huyu ana historia nzuri: alichukuliwa kutoka Kenya akapelekwa Hawaii na mwaka 1996 akaachiliwa kule makusudi, kwa sababu huo mtambaazi ulikuwa umeingia visiwani ukafunika miti na nyaya na kule hakukuwa na mdudu wa kuudhibiti. Kwetu uko kwenye uzio wa kila mtu na sioni watu wakimtafuta.

Kuhusu Ulaya niseme kidogo kwa ndugu walioko huko. Ukikuta mpopla mkubwa, angalia chini kabisa ya shina, matundu ya mviringo ya kama milimita 8 ni ya Sesia apiformis, nondo mkubwa anayefanana na mavu mpaka unasita, na mwezi wa sita na wa saba ukiwahi asubuhi unaweza kumkuta kashikilia gome anakausha mabawa. Vichaka vya karanti navyo vina wake, Synanthedon tipuliformis.

MUDA NA HALI YA HEWA

Jua. Bila jua baki nyumbani. Wakati wangu mzuri ni kuanzia saa mbili na nusu mpaka saa tano asubuhi, siku ambayo usiku wake kulinyesha na asubuhi kumekucha kweupe, bila upepo. Mapema zaidi ya hapo unatafuta waliotoka kwenye pupa, wako chini karibu na shina na bado wazito. Jua likishapanda wanahamia kwenye maua. Mchana mkali hata nyigu wenyewe wanakimbilia kivulini na unabaki unaangalia nzi.

Kwa upande wa msimu, pwani na milima ya Usambara nimepata zaidi wiki chache baada ya mvua kuanza, vuli na masika zote, kwa sababu maua yanakuwa mengi.

Maua ya kusimama nayo ni yale madogo madogo ambayo nyigu wanayapenda, kivumbasi, kishona nguo, lantana. Usizunguke. Chagua kichaka kimoja kilichochanua, simama hatua mbili upande ambao kivuli chako hakikiangukii, tulia nusu saa nzima. Mtu anayezunguka anaona nondo wachache kuliko aliyesimama, hili nimelijaribu mara nyingi.

NYIGU AU NONDO, ANGALIA KWA MPANGILIO HUU

Kwanza kiuno. Nyigu wetu wengi, wale wa darini na dondora wa udongo, wana kiuno chembamba kama uzi, unaona kabisa mwili umekatika. Nondo hana kiuno cha kweli, tumbo limeungana na kifua kwa upana, ila wengine wana alama nyeupe pembeni zinazofanya macho yako yaone kiuno ambacho hakipo, kwa hiyo mwangalie kutoka juu na kutoka pembeni pia.

Alafu mkia. Ile brashi niliyosema. Nyigu hana. Wakati mwingine imefungwa imekuwa kama ncha tu, subiri anyanyue tumbo itafunguka.

Papasi, vile vipembe viwili vya kichwani, zikoje? Za nyigu ni kavu, zina pingili zinazoonekana, na hazitulii, zinagusagusa muda wote. Za nondo wa kioo zinanenepa taratibu kuelekea mwisho kama rungu jembamba, na nyingi zina kijishungi kidogo kwenye ncha.

Mdomo ndo hukumu ya mwisho. Nyigu ana meno ya kukata, nondo ana mrija uliojikunja kama springi chini ya uso na akiwa kwenye ua anaunyoosha. Ukishaona mrija huna haja ya kubishana na mtu.

Na mabawa. Hata yale ya kioo yana magamba pembezoni na kwenye mishipa, na ukingoni kuna pindo la nywele fupi. Bawa la nyigu ni tupu kama karatasi ya nailoni. Kuna wakati utakuta nondo katoka sasa hivi na mabawa hayajawa kioo vizuri, yana vumbi la kijivu, hilo vumbi ni magamba yasiyoshika ambayo yanapukutika akianza kuruka, na kwa Cephonodes hylas hili linaonekana wazi sana.

Usisahau nzi wa maua, nao wanavaa njano na nyeusi. Nzi ana mabawa mawili tu, macho makubwa yanayojaza kichwa, na papasi fupi kama vidoti.

Kwa usalama: kama hujamaliza kukagua usimshike. Ukidungwa ondoka eneo hilo kwanza, na mtu akianza kuvimba uso au kupumua kwa shida ni hospitali moja kwa moja, usisubiri.

UKISHAJUA NI NONDO, NI KUNDI GANI

Papasi hazina rungu, ni kama uzi au kitana, mabawa ya nyuma madogo sana kuliko ya mbele, mwili una bluu inayometameta au pete nyekundu, anaruka kama amechoka na ukimgusa hana haraka: huyo ni Syntomini. Pwani Euchromia ni wa kawaida na viwavi wake wako kwenye mimea ya jamii ya kiazi kitamu, ikiwemo ile mitambaazi ya ufukweni. Wengi wa kundi hili ni wachungu kwa ndege, ndo maana hawahangaiki kukimbia.

Mwembamba, mabawa ya mbele kama fito mbili, rungu kwenye papasi, brashi mkiani, kasi: Sesiidae. Sasa angalia miguu ya nyuma. Ikiwa minene, imejaa manyoya kama amevaa soksi za sufu, fikiria Melittia. Ikiwa miembamba na mwili mdogo wenye pete chache nyembamba, fikiria Synanthedon au ndugu zake. Hesabu pete za tumbo na uandike ziko pingili ya ngapi, na rangi ya kila moja, kwa sababu kwenye jamii hii pete moja ikihama umeshabadilisha spishi.

Hapa nataka niseme ukweli wa moja kwa moja. Wengi wa Afrika hawatambuliki kwa picha mpaka jina la mwisho. Mtaalamu anahitaji kumpasua aangalie viungo vya uzazi, au kusoma DNA, kipande cha jeni ya COI ambacho ni herufi 658. Kwa hiyo ukiishia kuandika Synanthedon bila jina la pili umefanya kazi sahihi. Jina la kubahatisha linaharibu kumbukumbu kwa miaka.

PICHA

Simu inatosha ukiwa na lenzi ndogo ya kubana. Picha ya kwanza piga ukiwa mbali, hata kama mbaya, ili uwe na kitu. Kisha sogea ukiwa umeinama, polepole, kutokea mbele badala ya nyuma. Unahitaji pembe nne: mgongo, ubavu, uso, na miguu ya nyuma. Mi napiga video kisha natoa picha ndani yake, maana anageuka mwenyewe na unapata pembe zote bila kumsumbua. Na piga mmea pia, jani, ua na shina, watu wanasahau na nusu ya taarifa inapotea.

Niliwahi kumfunika mmoja na chupa ya plastiki ili nimpige vizuri nyumbani. Alipiga mabawa mle ndani njia nzima, nilipofika pindo lote limekwisha na ile brashi imepukutika, hata pete za tumbo zilikuwa zimefifia, na sijapata mwingine kama yule mpaka leo. Mpige alipo.

KUMFUGA KUTOKA KWENYE SHINA

Hii kwangu ndo njia bora kuliko zote kwa mtu wa kijijini au mwenye bustani, kwa sababu unapata mdudu mzima, msafi, na unajua kwa uhakika alikula mmea gani, na hiyo taarifa kwa Sesiidae wa Afrika ni adimu kuliko picha.

Wakati wa kuvuna viazi, kata vipande vya mashina yaliyovimba, virefu kama kiganja na vidole, usivipasue. Weka mchanga wenye unyevunyevu chini ya ndoo, vidole viwili, simika vipande wima kama vilivyokuwa shambani, funika kwa kipande cha chandarua na ufunge na mpira. Weka penye mwanga ila jua lisipige moja kwa moja. Nyunyizia maji kidogo kila siku ya pili, ukizidisha ukungu unaingia na wanakufa, ukisahau shina linakauka na wanakufa pia. Angalia kila asubuhi kabla ya saa mbili. Ukiona ngozi ya pupa imechomoza, nondo yuko kwenye chandarua au ukutani mwa ndoo, mpige picha hapo hapo akiwa bado ametulia, kisha mwachie.

Usishangae ikitoka nyigu ya kweli, ndogo kama sisimizi. Hiyo ilitaga ndani ya kiwavi na ikamla. Ihifadhi au ipige picha nayo, ni taarifa muhimu vile vile.

Na tafadhali, mkulima akikuuliza kama huyu mdudu ni adui, mwambie ukweli: wakiwa wengi shina linadhoofika na kukatika pale chini. Dawa yake ni kupanda marando safi na kupandishia udongo kwenye shina, sio kupulizia sumu shamba zima, kwa sababu hiyo sumu inaua pia nyigu wanaomla kiwavi.

CHAMBO CHA HARUFU

Jike anamwita dume kwa harufu, feromoni, na mwaka 1974 wanasayansi wa Marekani walitambua ile ya nondo wa mipichi na kuweza kuitengeneza maabara. Leo Ulaya zinauzwa kama vizibo vidogo vya mpira vilivyolowekwa, unaning'iniza kwenye kimfuko cha neti upepo unakotoka, na madume yanaweza kufika ndani ya dakika chache. Uingereza spishi zilizodhaniwa adimu sana zilionekana sehemu nyingi baada ya watu kuanza kutumia vyambo hivi, kumbe walikuwepo ila macho ya mtu hayawafikii.

Vizibo havikutengenezwa kwa ajili ya spishi zetu, lakini harufu za jamii hii zinafanana kemikali, na mtu akija navyo vijaribu. Weka kila kimoja kwenye kichupa chake ndani ya friza, usishike kwa mkono mtupu kisha ukashika kingine maana utachanganya harufu na usijue nani kamwita nani. Dakika 15 au 20 sehemu moja zinatosha, kisha toa. Dume anaishi siku chache na kila dakika anayozunguka kizibo chako ni dakika ambayo hamtafuti jike. Chambo kinaleta madume tu, kwa hiyo jike bado utamtafuta kwa macho.

KUANDIKA NA KUPELEKA

Andika siku ile ile: tarehe, saa, mahali hadi kijiji au GPS, mmea, jua au mawingu, alikuwa anafanya nini. Weka picha iNaturalist, tovuti ya kuweka picha za viumbe, kuna watu wa dunia nzima wanaopitia nondo wa Afrika na wanajibu. Ukiwa Nairobi, Makumbusho ya Taifa ya Kenya wana mkusanyiko mkubwa wa wadudu. Ukitaka kukusanya vielelezo msituni, kama Amani kule Usambara au Arabuko-Sokoke pwani ya Kenya, usianze bila kibali, Tanzania inahusisha COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) na TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori), Kenya ni NACOSTI (tume ya sayansi) na KWS (shirika la wanyamapori). Shambani kwenu ndoo na chandarua vinatosha.

Zile ngozi tupu za pupa usizitupe. Mi nazitia kwenye kiberiti kitupu, moja kwa kila kiberiti, na karatasi ndani yenye tarehe na jina la mmea. Ninavyo 11 sasa, na cha kwanza nimeandika tu: rando la kiazi, kwa mama, asubuhi baada ya mvua.